Manyoya ya Fini Niliyoyatupa

Plamedi, mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kusukwa kwa Mama Shukuru. Umemwomba mistari myembamba, kwa hiyo najua hutarudi kabla ya saa kumi na moja. Bibi yako Kambo amejilaza kidogo. Mimi nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nyuma ya nyumba, karibu na kibanda cha sungura, na magotini nina daftari langu la mwisho la shule. Kurasa zake za nyuma zilibaki nyeupe. Nataka kuzijaza kabla hujarudi, kwa sababu kuna jambo nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara tatu juma hili, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama umekula.

Unanijua. Mwalimu akiniuliza jina langu nilikuwa natazama viatu. Hata siku ya matokeo ya diploma, wenzangu walipomwagiana poda kichwani na kuimba barabarani, mimi nilijimwagia yangu hapa nyuma, peke yangu, nawe ukacheka ukasema nimefanana na mtu aliyeanguka ndani ya gunia la unga. Maneno yangu hutoka vizuri kwenye karatasi tu. Basi pokea karatasi.

Sitakuandikia kuhusu mswaki, wala soksi, wala kuchemsha maji. Mama yako ana nyumba yake na namna yake, utajifunza huko. Nataka kukuandikia kuhusu makosa yangu mawili. Yalifuatana kwa muda wa siku mbili, mwaka jana, wakati wa baridi. La kwanza liliua watoto wa Fini, sungura wetu. La pili limekuumiza wewe mwaka mzima, bila wewe kujua nani anakuumiza.

Kesho mama yako anafika na lori kutoka Kasomeno. Atakuuliza mbele yetu sote kama unapenda kwenda kuishi naye. Ukikataa, atarudi peke yake, na amesema hatauliza mara ya pili. Juzi ulimwambia Kambo, ukiwa unapepeta mchele bila kuinua macho: "Sitapanda mu lori. Mama mwenye anatupa mutoto haiko mama." Mimi niliyatambua maneno hayo. Si yako. Ni yangu. Wewe uliyaokota tu pale nilipoyamwaga.

Watu wasiotujua hushangaa wakinisikia nakuita mwanangu. Nina miaka kumi na minane, wewe kumi na mmoja. Lakini mama yako, Yaya Odile, ni dada yangu mkubwa, na kwetu mtoto wa dada ni mtoto, ndiyo maana unaniita Mama Mudogo. Ulipoletwa hapa mtaa wa Bel-Air ulikuwa na miaka minne, na mimi nilikuwa na umri ulio nao leo. Baba yako alikuwa amekufa. Kazi pekee ambayo mama yako aliipata ilikuwa ya kwenda Kasenga kununua samaki, kuwakausha, na kusafiri nao hadi mjini juu ya magunia. Alilala mahali lori lilipolala. Mtoto hawezi kulelewa juu ya magunia, Kambo akasema, amlete hapa.

Siku ya kwanza nilikufunga mgongoni kwa kikwembe, na miguu yako ikafika magotini mwangu. Jirani yetu Papa Ilunga alicheka hadi akashika ukuta. "Kuyeni muone, kambuzi kanabeba ng'ombe!" Sikujali. Na siku ulipoacha kuniita Nadège ukaniita Mama Mudogo kwa mara ya kwanza, nilikwenda kuchota maji wakati ndoo zote zilikuwa zimejaa, ili tu nitembee na neno hilo kichwani.

Hapo ndipo kosa lilipoanza kuota, nafikiri. Nilitaka neno hilo liwe langu peke yangu.

Mama yako alikuwa akija na lori la samaki, mara moja au mbili kwa mwezi. Dereva akishusha mzigo sokoni, yeye alikimbilia hapa. Alikaa saa moja, wakati mwingine haikufika. Alikukagua masikio, kucha, meno, akakulisha kwa mkono wake, akamsalimu Kambo, kisha honi ikalia barabarani naye akaondoka bila kugeuka. Sikuwahi kumwona akilia. Nilisema moyoni: huyu ni mkavu. Mimi ndiye ninayekaa na mtoto siku nzima, mimi ndiye ninayejua anaogopa radi na hapendi mlenda. Yeye ni mgeni mwenye samaki. Baadaye nikaanza kuyasema mambo hayo kwa sauti, nikiwa nafua, nikidhani hunisikii. Ulikuwa unasikia.

Sasa Fini.

Papa Ilunga alitupatia Fini mwanzoni mwa baridi kwa sababu alikuwa amechoka kuumwa naye. Alimleta ndani ya kikapu, mkono wake ukiwa umefungwa kitambaa. "Iko na mimba," alituambia. "Mumupe majani, mumupe maji, mumupe kisanduku ya kuzalia, na mumuache mu amani." Mambo manne. Matatu ya kwanza tuliyafanya vizuri sana.

Utakumbuka asubuhi uliyokuja kunivuta mkono kitandani: "Mama Mudogo, kuya haraka! Fini anajitosha manyoya!" Tulimkuta ameketi, ameinamisha kichwa, anang'oa manyoya ya kifua chake kwa meno, anajaza mdomo, anayapeleka kwenye kisanduku, anarudi kung'oa tena. Kifua kilibaki ngozi tupu. Niliogopa, nikafikiri ni upele. Nilimpaka mafuta ya mawese, akanipiga kwa miguu ya mbele kama bondia, nawe ukaanguka kwa kucheka.

Kesho yake, kabla hujaenda shule, walikuwepo. Uliinua yale manyoya kwa kidole kimoja, na chini yake kulikuwa na kitu kinachotikisika. Wanane. Wekundu, hawana nywele hata moja, macho yamefungwa, wadogo kama vidole vilivyokaa muda mrefu ndani ya maji. Sisi wawili hatukupumua.

Unajua mwanamke akijifungua katika lupango letu, kiwanja chetu hiki, mambo huwa namna gani. Nyumba zote tatu zinaamka. Chumba chake kinaoshwa kabla wageni hawajaingia, mashuka ya kuzalia yanaondolewa, na kila anayekuja kuona mtoto anabeba sabuni. Wewe ulichukua kipande chako cha sabuni, ukakiweka mbele ya kibanda, ukapiga magoti kama mama mtu mzima.

"Pole na kazi, Mama Fini. Ni mwanaume ao mwanamuke?"

"Ni timu ya mupira," Papa Ilunga alijibu kutoka kwake. "Inakosa batatu tu!"

Kambo hakucheka. Alisema kutoka kwenye kiti chake: "Muzazi anapenda kimya. Mufunge mulango, mutoke." Tulifunga. Ulikwenda shule. Mimi nilikuwa nasoma mchana, kwa hiyo nilikuwa na asubuhi nzima mikononi mwangu, na kile kipande cha sabuni kilikuwa pale mbele yangu.

Plamedi, nilitaka ukirudi ukute kisanduku kinang'aa. Hiyo tu. Niliona majani yenye damu kidogo na manyoya yaliyogandamana, nikaona aibu, kama vile wageni wangekuja na kusema wa nyumba hii hawajui kumpokea mzazi. Niliwaweka watoto wote wanane ndani ya beseni. Fini alinguruma, sauti ambayo sikujua kwamba sungura anayo. Alipiga mguu wa nyuma mpaka bati la kibanda likalia. Alinirukia mkono akaniuma hapa, chini ya kidole gumba, alama unaijua. Nilimwambia: "Tulia, ni kwa faida yako."

Majani yote na manyoya yote niliyatupa kwenye shimo la takataka. Kisanduku nilikisugua kwa sabuni, kisha nikamwaga maji ya Javel, ile dawa kali ya kusafishia, kisha nikakianika. Lakini wewe unalijua jua la mwezi wa sita hapa Lubumbashi, linaonekana tu, halipashi. Nilikunja vizuri kipande cha kikwembe changu cha zamani, nikakitandika, nikawapanga watoto mmoja mmoja, kama nilivyoona wanavyopangwa kwenye nyumba ya uzazi. Walikuwa wamekaa ndani ya beseni muda mrefu kuliko nilivyofikiri. Nilipendezwa na kazi yangu. Nilirudi mara mbili kuitazama.

Fini alisogea, akanusa, akapiga chafya, akarudi kwenye kona ya mbali kabisa. Hakuingia. Niliporudi kutoka shule jioni, bado hakuwa ameingia. Hakukaa juu yao kama kuku anavyokaa juu ya vifaranga. Nilisema: tazama mama wa namna gani. Wewe ulipokuwa unaoga nilimkamata kwa nguvu, nikamwingiza kisandukuni, nikamkandamiza juu ya watoto ili wanyonye. Alipigana. Aliwakanyaga. Nilimwachia. Ulipouliza, nikasema wote wameshiba wamelala.

Asubuhi ya pili uliondoka mapema. Nilifungua kibanda. Fini alikuwa ndani ya kisanduku, na mdomo wake ulikuwa na damu.

Wanne walikuwa baridi, wagumu, na mmoja kati ya hao hakuwa mzima. Sitaandika zaidi. Niliyaona, na kwa muda macho yangu yaliendelea kuona lakini kichwa kilikataa. Nakumbuka jogoo aliwika na nikashangaa kwamba bado kuna jogoo. Kisha mimi, ambaye hata nikichomwa na mwiba husema "aa" kimoyomoyo, nilipiga kelele mpaka watu wa nyumba zote tatu wakatoka. Papa Ilunga alikuja na mswaki mdomoni. Mama Shukuru, ambaye alikuwa amepita kuomba makaa, alikuja na chanuo cha nywele mkononi. Kambo alikuja akishika ukuta.

"Nini? Nyoka?"

Na mimi nikapaza sauti, naikumbuka kila herufi: "Alikula batoto bake! Iko sawa na Yaya Odile! Anazala, kisha anatupa! Mama mwenye anatupa mutoto haiko mama!"

Nilikuwa bado nalia nilipogundua kwamba hakuna anayeangalia kibanda. Walikuwa wanaangalia nyuma yangu.

Mama yako alikuwa amesimama pale kwenye kona ya nyumba, na beseni la samaki kichwani. Lori lilikuwa limefika alfajiri. Alikuwa amevaa kikwembe kipya, nywele zimetengenezwa, kama mtu anayekwenda kanisani. Kwetu mtu hashushi mzigo wa kichwani peke yake, hata adui yako unamsaidia. Siku ile hakuna aliyesogea, sote tulikuwa kama tumepigiliwa misumari. Alipiga magoti polepole, akajishushia beseni mwenyewe, na samaki wawili wakadondoka.

Nilingoja anipige. Ningependa angenipiga.

Alikuja hadi kwenye kibanda, akainama, akatazama.

"Manyoya yake iko wapi?"

Nilitazama viatu vyangu.

"Nadège. Manyoya ya mama iko wapi?"

"Nilitupa."

"Na majani?"

"Nilitupa. Ilikuwa buchafu."

"Haikuwa buchafu. Ile njo blanketi yabo. Mama alijitosha ngozi juu batoto bapate joto." Kisha, bila ukali, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo: "Hakubaua. Balikufa na baridi. Yeye alikuwa anatosha wenye kufa, wengine babakie mu fasi safi."

Alijikunja kikwembe chake kipya magotini, akaenda kwenye shimo la takataka, akaingia. Aliokota manyoya yale kidogo kidogo kati ya maganda ya mihogo na majivu, akayapuliza, akayaweka ndani ya mkono mwingine. Papa Ilunga alitoa mswaki mdomoni akakimbia kwake, akarudi na majani makavu. Mama yako alitupa kile kikwembe changu chenye harufu ya sabuni, akajaza majani, akachimba shimo dogo katikati kwa ngumi, akawaweka wale wanne waliobaki, akawafunika. Wale waliokufa alinipa mimi niwazike. Kisha akafunika kibanda kwa gunia.

"Usikae pale kumuchunga," aliniambia. "Atakuya mara moja tu, asubuhi sana. Atabapa maziwa, ataenda. Kama anakaa pale siku yote, nyoka na paka-pori batajua fasi batoto beko. Anakaa mbali juu anabapenda."

Alisema hivyo akiwa ananawa mikono. Sidhani alikuwa anazungumza juu ya nafsi yake. Alikuwa anazungumza juu ya sungura, kwa sababu sungura alikuwa na shida na yeye alijua la kufanya. Mimi ndiye niliyesikia mengine.

Honi ililia barabarani. Alikausha mikono, akanivuta pembeni, na hapa, mwanangu, ndipo penye kosa la pili.

"Nilikuya kumutwala," alisema. "Nilipata nyumba kule Kasomeno, chumba mbili. Nilishaacha kulala mu lori, niko na meza yangu mu soko. Nilinunua kitanda yake. Lakini kama njo vile banasema juu yangu hapa, ataniogopa. Sitamukamata kwa nguvu. Akitoka ku masomo, umwambie nilifika, umwambie kitanda iko. Siku atapenda, anipigie simu, hata usiku. Nitakuya."

Nilisema ndiyo. Aliondoka bila kugeuka, kama kawaida yake. Safari hii niliona kwa nini hageuki: alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kikwembe.

Ulirudi saa sita na nusu. Uliuliza: "Batoto ya Fini beko namna gani?" Nilikuambia panya waliingia wakachukua wanne. Uliona samaki, ukauliza: "Mama alifika?" Nikasema dereva ndiye aliyeleta. Maneno mawili, Plamedi. Hayakuchukua hata muda wa kuvua viatu vyako. Kambo alinitazama, nikajua atanipa nafasi ya kujirekebisha mwenyewe, kwa sababu ndivyo alivyo. Nilijiambia nitasema kesho. Wewe ulilia, kisha ukaanza vita na panya. Mwezi mzima uliziba matundu kwa mawe na vipande vya chupa. Nilikuwa nakuona umepiga magoti unaziba tundu ambalo halikuwa na hatia, nami napita na ndoo.

Nilianza kuamka mapema kuliko watu wote. Sikugusa gunia, nililala tu chini, nikachungulia kwenye ufa wa ubao. Asubuhi ya kwanza Fini aliruka ndani ya kisanduku wakati bado kuna ukungu. Alisimama juu yao, hakulala, alisimama tu, ameinua masikio. Chini yake kulikuwa na fujo ya vichwa vidogo. Nilihesabu moyoni, sikufika hata mia tatu. Akaruka nje, akakaa kona ya mbali, akaanza kujiramba kama mtu asiye na mtoto. Lakini paka wa Papa Ilunga alipopita tu kando ya wavu, Fini alimrukia kutoka ile kona ya mbali kwa nguvu kiasi kwamba paka alipanda mti wa mapapai na hakushuka hadi mchana. Baadaye nilifungua, nikaingiza kidole. Matumbo yao yalikuwa ya mviringo, yamejaa, ngozi imekaza. Walikuwa na joto kama mkate.

Nilikaa pale chini kwenye udongo baridi. Nilikuwa nimemhesabia mama yako dakika miaka sita.

Hata hapo sikukuambia. Nataka ulijue hilo, usije ukafikiri mtu akishaona ukweli basi anautenda. Niliuona, nikaufunika kwa gunia. Niliogopa kwamba ukijua kuna kitanda Kasomeno utaondoka, nami nitabaki na daftari na ndoo. Wewe ulianza kusema mama amekutupa, kwa kuwa haji tena. Nami nilinyamaza. Mara moja, Mungu anisamehe, nilitikisa kichwa kukubali.

Majuma mawili yaliyopita, siku ya poda, mama yako alipiga simu kunipongeza kwa diploma. Tuliongea kidogo. Kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Mutoto angali na kasirani?"

"Kasirani gani, Yaya?"

"Si alikatala kunipigia? Kila jioni ninaweka simu karibu na sahani. Ninafikiri leo njo siku."

Mwaka mzima, Plamedi. Kila jioni. Nilikuwa nimesimama hapa hapa na unga mweupe kichwani. Nilidhani nimemfanya asubiri kidogo. Sikujua kwamba nimemfanya aamini mtoto wake amemkataa.

Nilisema: "Yaya, sikumwambia. Hajui kama ulifika. Hajui kitu."

Nilisikia watu wa soko nyuma yake, mtu anabishana juu ya ndizi. Nilifikiri simu imekatika. Kisha akasema: "Wale wanne ya Fini balipona?"

"Balipona."

"Muzuri." Akaendelea: "Nitakuya. Nitamuuliza mbele ya bote. Umwambie mbele nifike. Akikatala, sitamukokota sawa mbuzi. Nitarudi, na sitamusumbua tena."

Hakunitukana. Tangu siku hiyo nimekuwa kama mtu aliyepigwa kofi na bado anangojea kusikia sauti yake.

Kwa hiyo usikatae kwa ajili ya maneno yangu. Kama kuna sababu yako mwenyewe ya kukataa, kataa, nitasimama upande wako mbele ya kila mtu. Labda unaogopa shule mpya. Labda unamwogopa yeye kwa sababu humjui, na hilo nalo ni kosa langu. Jana ulimwambia Kambo huwezi kwenda kwa sababu Fini amezaa tena na watoto wana siku nne tu. Nimekuona asubuhi unasugua mikono kwa majani makavu kabla ya kuwagusa, unahesabu matumbo, unafunika manyoya kama yalivyokuwa. Unafanya vizuri kuliko mimi nilivyowahi kufanya. Lakini Fini hahitaji mtu wa kukaa naye. Anahitaji majani, maji na amani. Hayo hata mimi sasa nayaweza.

Ningependa pia uniambie umenichukia, kama umenichukia. Usiniambie kwa kunyamaza. Kunyamaza ndiko kulikotuharibia mwaka.

Kambo ameamka. Amekuja hadi hapa akishika ukuta, simu mkononi, na nimelazimika kuacha kuandika. Nakuandikia alivyosema:

"Odile alipiga. Lori haikungoja kesho. Beko ku peaje, fasi lori inalipa njia, banaingia mu muji sasa."

"Leo?"

"Leo hii. Mbele saa moja iishe, atakuwa hapa." Ameangalia daftari, ameangalia mkono wangu. "Hii yote ulikuwa unaandika, atasoma saa ngapi, Nadège? Mutoto angali ku nywele."

Naandika haraka sasa, samahani kwa mwandiko.

Kambo anasema kweli. Hakuna muda wa wewe kusoma. Ukirudi utamkuta mama yako ameshafika, atakuuliza, nawe utamjibu kwa maneno yangu. Basi nakuja huko. Najua kwa Mama Shukuru sasa hivi kuna wanawake watano au sita kwenye benchi, na najua watakavyosema nikitokea mlangoni: "Ee, Nadège! Leo ulimi haukubakia ku nyumba?" Mama Shukuru mwenyewe alikuwepo siku ile nilipomtukana dada yangu, na chanuo mkononi. Ni sawa. Wale waliosikia tusi wasikie na hili. Nitasimama mbele yao wote nikuambie: mama yako alikuja kukuchukua, mimi nikakuficha habari hiyo. Panya hawakula mtoto yeyote. Kitanda chako kipo.

Daftari naliweka chini ya nguo zako ndani ya mfuko, maana nikianza kutetemeka nitasahau nusu, na hiyo nusu utaisoma huku, au kule Kasomeno, utakavyochagua.

Navaa viatu. Ukiniona naingia usiinuke, mwache Mama Shukuru aendelee kusuka. Nitaongea hivyo hivyo, na wewe utakuwa na muda wa kufikiri mpaka msuko wa mwisho.

Mama Mudogo wako,
Nadège